Saa ya mkopo imegoma kuhama mtandao

KONA YA FUNDI: mnauliza, tunajibu

Swali

Fundi habari za kazi. Mimi niko Columbus, Ohio, nafanya kazi wearhausi (ghala la mizigo), usiku. Mwaka jana nilienda duka la mtandao wangu kulipia bili tu, kijana wa kaunta akaniambia bro kuna Apple Watch hapa yenye laini yake ndani, tunakupa kwa mkopo wa miezi 36, na ofa juu, wala hutasikia uchungu. Nikaona sawa, kazini simu tunaacha kwenye loka na mtoto wangu ana pumu, shule wakipiga nataka niwe napatikana. Kweli saa imenisaidia sana. Sasa mwezi uliopita rafiki akanionyesha mtandao mwingine wa bei rahisi, simu peke yake naokoa dola 25 kwa mwezi, nikahama na namba yangu, simu ikapokea fresh ndani ya nusu saa. Saa ndio ikagoma. Nikijaribu kuiweka kwenye mtandao mpya inaleta ujumbe niwasiliane na mtoa huduma, nikapiga, dada akaniambia kifaa hiki hakistahili. Hakistahili nini sasa, si saa ni yangu?? Na juzi bili ya mtandao wa zamani imekuja, eti bado nadaiwa ya saa na ya laini ya saa, wakati mi nilishahama! Nimelipa miezi 14 tayari. Saa ilikuwa dola 504, kila mwezi ni 14, wanatoa 6 ya ofa nabaki kulipa 8, laini ni 10 mbali na kodi. Nisaidie nifanyeje, nirudi kule au niitupe.

Dereva wa foklifti, Columbus

Jibu

Usiitupe ndugu yangu, na wala usikimbilie kurudi. Ila umefanya mambo kwa kuanzia mwisho, na hauko peke yako, barua za namna hii napata kila mara kutoka kwa ndugu zetu walioko Marekani, na karibu wote wameingia kwa mlango ule ule wa kijana wa kaunta na neno ofa.

Kwanza tuitengue hiyo "saa ni yangu". Ni yako mkononi, kwenye vitabu vyao bado. Wasomaji wa Kenya wataelewa haraka nikisema Lipa Mdogo Mdogo, ile ya Safaricom ya mwaka 2020, unachukua simu ya 4G unalipa shilingi 20 kwa siku, usipolipa simu inajifunga mkononi mwako. Huko Marekani wao wana ustaarabu mwingine, saa haijifungi, itaendelea kukuonyesha saa na hatua na mapigo ya moyo kama kawaida, ila ukitaka kuipeleka kwa mtandao mwingine ndio unakutana na ukuta. Ule ukuta unakaa kwenye IMEI, namba ya utambulisho ya kifaa. Waliokuwa Tanzania mwaka 2016 hawahitaji kuelezwa IMEI ni nini, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki mwezi wa sita kila mtu alikuwa anabonyeza *#06# na kutuma zile tarakimu 15 kwenda 15090 huku anaomba dua. Saa yako nayo inayo IMEI yake, tofauti na ya simu, ingia kwenye saa Settings, halafu General, halafu About, shuka chini utaiona. Dada wa mtandao mpya aliposema kifaa hakistahili, ni kwamba aliingiza hiyo namba na kompyuta ikamwambia hapana. Sababu za hapana zinakuwa mbili tatu: kifaa kina deni, au bado kimelokiwa kwa mtandao ulioiuza, au kimeripotiwa kuibiwa. Kwako wewe sina haja ya kupiga ramli, umeniambia mwenyewe miezi 22 imebaki.

Sasa kuna kitu kingine ambacho kijana wa kaunta hakukwambia, na ndicho kinachowachanganya watu kuliko hata deni. Laini ya Apple Watch ya mtu mzima haijitegemei. Inaazima namba ya simu yako. Mtu akikupigia, simu na saa vinalia pamoja kwa namba moja, na ili hilo liwezekane simu na saa lazima ziwe mtandao mmoja. AT&T wanaiita NumberSync, T-Mobile wanaiita DIGITS, Verizon NumberShare, majina tu hayo, kazi ni ile ile. Kwa hiyo ulipoihamisha namba ya simu, saa ilibaki kule nyuma kama mkokoteni uliokatika kamba, ng'ombe ameshafika sokoni. Haiwezi kukupokelea simu ya shule hata ungekuwa umemaliza deni lote, mpaka nayo ihamie huko namba ilipo.

Na bili? Hapo ndipo watu wanapigwa, samahani kwa neno lakini ndivyo ilivyo. Kwenye akaunti yako ya zamani zilikuwepo laini mbili sio moja. Ya simu, ambayo namba yake unaijua, na ya saa, ambayo nayo ina namba yake ya kiofisi ambayo hujawahi kuipiga wala kumpa mtu, iangalie kwenye bili ukurasa wa mchanganuo utaiona imekaa kimya. Ulipohamisha namba ya simu, laini ya simu ilijifunga yenyewe. Ya saa haikufungwa na mtu, ikaendelea kula dola 10. Itaendelea kula mpaka siku utakayowaambia wafunge. Kwa hiyo kazi ya leo, kabla hata ya kumaliza kusoma ukurasa huu, piga huduma kwa wateja ya mtandao wa zamani, uliza mambo mawili tu: nadaiwa shilingi ngapi, samahani, dola ngapi kwenye mkopo wa saa mpaka kuumaliza leo, na laini ya saa ikifungwa leo bili ya mwisho itakuja ya kiasi gani. Andika tarehe na jina la unayeongea naye na omba namba ya kumbukumbu, mi hii tabia niliifanya baada ya kuwa nimebishana na kampuni moja miezi mitatu kwa kitu nilichokuwa naambiwa kwa mdomo tu.

Hesabu zako tuzipige pamoja maana hapo ndipo uamuzi ulipo. Zimebaki 22, mara 14, ni dola 308. Hiyo ndiyo deni halisi, sio 8 mara 22, kwa sababu ile 6 ya ofa si punguzo la bei, ni zawadi ya kukaa. Ukiondoka wanaacha kuitoa, na kwa kawaida salio lote linadaiwa kwa mkupuo kwenye bili ya mwisho. Kuondoka kwako kumekugharimu 6 mara 22, dola 132 ambazo ungepunguziwa kama ungekaa. Inauma lakini sio kilio. Kwenye simu unaokoa 25 kwa mwezi, ndani ya miezi sita umeshairudisha hiyo 132 na zaidi. Rafiki yako hakukushauri vibaya, alisahau saa tu.

Kuna mtu atakwambia ujanja, acha laini ya saa iendelee kule ili ofa isikatike. Hesabu: laini 10 mara 22 ni 220 unalipa ili upunguziwe 132. Na saa yenyewe haitapokea simu zako kwa sababu namba iko kwingine. Mjanja huyo mwambie asante.

Utaratibu sasa. Lipa hiyo 308, kama huna yote kwa pamoja waulize kama wanaweza kuigawa, mitandao mingine inakubali mingine haikubali. Ikishasomeka sifuri, usiende moja kwa moja mtandao mpya, omba kwanza saa ifunguliwe kwao, yaani loki itolewe kama ipo. Kila mtandao una masharti yake, kwa simu AT&T wanataka kifaa kiwe kimelipwa chote na kimetumika kwao siku 60, T-Mobile kwa wateja wa bili ya mwezi wanasema kilipwe na kitumike siku 40, na wote hawafungui kitu kilichoripotiwa kuibiwa. Wewe una miezi 14, siku hazikusumbui, kinachokusumbua ni deni peke yake. Baada ya kulipa wape siku mbili tatu, mifumo yao haiongei kwa kasi ya midomo yao.

Halafu chukua simu, fungua apu ya Watch, nenda palipoandikwa Cellular. Utaona jina la mtandao wa zamani bado limeng'ang'ania pale, gusa kile kiduara chenye herufi i, kuna sehemu ya kuondoa plani, iondoe. Hapa watu wengi wanatenganisha saa na simu kabisa halafu wanaanza upya kama saa mpya, hakuna haja, hiyo ni kuvunja nyumba kubadilisha kitasa. Lakini kuondoa plani kwenye apu SIO kufunga laini kwenye bili, hizo ni kazi mbili, moja inafanyika kwenye simu yako na moja inafanyika ofisini kwao. Plani ya zamani ikishatoka, pale pale gusa kuanzisha Cellular, ukurasa wa mtandao mpya utafunguka, ingia na akaunti yako, ndani ya dakika chache e-sim ya saa inashuka. Hakuna kadi ya kuchomeka, Apple Watch tangu ile Series 3 ya mwaka 2017 laini yake ni ya kidijitali, imo ndani.

Ujaribuje? Zima bluetooth ya simu na waifai ya saa, au tembea mpaka mwisho wa mtaa bila simu. Fungua zile swichi za haraka kwenye saa, tazama kitufe chenye mnara. Kikiwa kijani saa inaongea na mnara yenyewe, umefaulu. Kikiwa cheupe maana yake plani ipo ila saa bado inapumulia kwa simu au waifai.

Ila kabla hujalipa hata senti naomba ufanye jambo moja, na hili ndilo ningeanza nalo ungeniandikia kabla ya kuhama: uliza mtandao mpya kama una plani ya saa kwa akaunti ya aina yako. Usiulize kama mnasapoti Apple Watch, watasema ndio, maana Apple Watch inafanya kazi na iPhone ya mtandao wowote kwa bluetooth. Uliza kama laini ya saa inaweza kuwekwa kwenye akaunti yangu ya malipo ya kabla. Mitandao mingi ya bei rahisi inakodi minara ya wakubwa, kwa hiyo mnara ni ule ule lakini huduma ya saa kuazima namba haimo kwenye kukodi kwao. Iko inayoweza, Visible kwa mfano, ambayo ni ya Verizon wenyewe, wana saa. Lakini usidhani. Kama mtandao wako mpya hauna, kulipa 308 kutakupa saa iliyo yako kweli, safi kabisa, isiyopokea simu ya shule kwenye wearhausi. Hapo bora uhamie mtandao mwingine wa rahisi wenye saa.

Na usiwape pesa wale mafundi wa mtandaoni wanaosema wanafungua saa ya mkopo kwa IMEI. Sheria kufungua kifaa chako haikukatazi, mwaka 2014 Obama alisaini sheria ya kuruhusu watu kufungua simu zao, na mwaka uliofuata ruhusa ikatajwa mpaka saa za mkononi. Lakini ruhusa ya kufungua kufuli haifuti deni, na IMEI yenye deni itabaki na deni hata fundi awe nani. Kuna mitandao pia inayotangaza kukulipia deni lako ukihamia kwao, soma maandishi madogo, mara nyingi ni ya simu, saa haimo.

Jingine dogo: usikubali mtu akutishe kwamba kwa sababu unadaiwa watairudisha namba yako. Kwa kanuni za FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, mtandao wa zamani hauruhusiwi kukataa kuachia namba kwa sababu ya deni. Deni linabaki lako, watakudai mpaka kwa wakusanya madeni na rekodi yako ya mikopo ichafuke, lakini namba imeshaenda, hairudi.

Kwa hizi wiki mbili tatu za katikati, wearhausi yenu ina waifai? Saa ikiwa kwenye waifai inayoijua, na simu iko kwenye loka imewashwa na ina mtandao, simu zinaweza kukufikia kwenye saa hata bila laini, mradi mtandao wako unaruhusu kupiga kwa waifai (Wi-Fi Calling) na umeiwasha. Muulize msimamizi. Na shule wape namba ya ofisi ya kazini kwako, ya pili, ile ya karatasi. Wala sio mambo ya ushamba.

Swali

Fundi shikamoo. Mpwa wangu yuko Marekani alinitumia saa ya Apple aliyokuwa anaitumia, ya laini. Niko Mombasa. Nimenunua bando na kila kitu lakini saa inaniomba akaunti yake na neno la siri. Je hii ndio loki ya mtandao? Kuna mtu hapa mjini anasema anaitoa kwa elfu tatu.

Shangazi, Mombasa

Jibu

Marahaba shangazi. Hiyo elfu tatu nunulia samaki. Loki inayokuomba akaunti si ya mtandao wa simu, ni ya Apple, inaitwa Activation Lock, ipo ili mwizi asifaidi. Inatolewa na mwenye akaunti tu, na anaweza kuitoa akiwa huko huko aliko: aingie iCloud kwenye kompyuta, sehemu ya kutafuta vifaa, aichague saa, aifute na kuiondoa kwenye akaunti. Dakika tano. Angeitenganisha na simu yake kabla ya kuituma isingekusumbua kabisa, basi mpigie umwambie taratibu, asijisikie vibaya.

Halafu muulize kwa adabu kama alikuwa amemaliza kuilipia. Kama bado, laini yake inaweza kuzuiwa. Kwako hilo si kubwa sana kwa sababu hata hivyo laini ya saa iliyouzwa Marekani si ya kutegemea nje, masafa yake yalitengenezwa kwa minara ya kule na tena mtandao wa hapa uwe na huduma ya saa, kuwa na e-sim ya simu peke yake hakutoshi. Bando ulilonunua tumia kwenye simu. Na una iPhone? Saa ya Apple haikubali simu ya Android, hapo hakuna fundi.

Swali

Mi ni mama wa watoto wawili, Minneapolis. Nataka kumpa mwanangu wa miaka 9 saa yangu ya zamani, Apple Watch SE, ya laini, nimeshamaliza kuilipa. Yeye hana simu. Mtandao wangu laini ya saa ni ghali, naweza kumwekea mtandao mwingine au ndio ile sheria ya mtandao mmoja?

Jibu

Unaweza, mama, na ndio sehemu pekee ambapo kamba ile inakatika. Ukiiweka kwa utaratibu wa saa ya mtoto, ule ulioanza na watchOS 7 (programu endeshi ya saa) mwaka 2020, saa inapata namba yake yenyewe, haiazimi ya mtu, kwa hiyo haijali simu yako iko mtandao gani. Utaisimamia kwenye simu yako, mtoto anahitaji akaunti yake ya Apple ndani ya kundi la familia. Tenganisha saa na simu yako kwanza, ukiulizwa ubakize plani au uiondoe, ondoa, halafu funga laini hiyo kwenye bili kama nilivyomwambia yule wa Columbus. Ombi moja la kibinafsi, washa ile ya muda wa shule, walimu watakushukuru.

Swali

Nikiacha kabisa kulipia laini ya saa, GPS nayo inakufa? Nakimbia kila asubuhi.

Jibu

Haifi. GPS inatoka kwa setilaiti, haijui bili yako. Kilomita, njia uliyopita, mapigo ya moyo, vyote vinarekodiwa na vinahamia kwenye simu ukirudi nyumbani. Miziki ishushe kwenye saa usiku ikiwa kwenye chaji. Utakachokosa ukiwa barabarani bila simu ni kupigiwa na meseji, na mi nikikimbia hicho ndicho ninachokitafuta.